Vilindo vya Bwana Nyuki

Juu ya bati la banda lake la kuku, Bwana Nyuki alikuwa anaanika vitu viwili: michembe ya viazi vitamu na betri. Michembe ilikuwa ya mkewe, betri zilikuwa zake, na ole wako uguse upande usiokuhusu. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyuki, alikuwa akisema kwamba siku moja atampikia zile betri kwa karanga, amwekee mezani, na mzee atakula mpaka amalize sahani, kwa kuwa mtu yule anakula kwa masikio, mdomo anao wa kupitishia tu.

Betri zikishapata jua zilirudiwa na uhai kidogo, wa kutosha kurekodi dansi moja. Ndiyo kazi yake ilivyokuwa. Samahani, si kazi yake. Kazi yake aliyolipwa na serikali ilikuwa nyuki. Kama vile Bwana Shamba anavyozunguka vijijini kufundisha watu kupanda pamba kwa mistari, yeye alizunguka kufundisha watu kutundika mizinga: wapi utundike, juu kiasi gani, na jinsi ya kupaka nta mlangoni ili kundi linalopita angani linuse, liseme, hapa ndipo kwetu. Tulikaa naye ukuta kwa ukuta tangu nina mapengo ya meno ya utoto. Sasa nipo kidato cha tatu, na nyumba yake amepewa Bwana Mifugo. Bwana Mifugo ni mtu mwema, sina ugomvi naye, lakini mbuzi wake wanajua wimbo mmoja tu, na huo wenyewe wanauimba alfajiri.

Katika chumba ambacho watu wengine wangelaza watoto au magunia ya mpunga, Bwana Nyuki aliweka vilindo. Kama umekulia Dar na hujawahi kukiona kilindo, ni kama kopo kubwa la gome la mti wa porini, limeshonwa ubavuni kwa kamba ya miti, lina kifuniko chake. Wazee waliweka humo nafaka, au nguo za sikukuu. Wale wapagazi tunaofundishwa shuleni, waliotoka hapa kwa miguu mpaka pwani wakiwa na pembe za watu wengine vichwani, walibebea humo vitu vyao wenyewe. Bwana Nyuki aliweka humo Kumbikumbi Jazz.

Usidhani naongelea sahani za santuri. Sahani ya Kumbikumbi ilikuwepo moja, tena hakutaka hata kuiona. Aliweka madansi yenyewe. Popote bendi ilipokwenda, kama Landrova ya nyuki ilikuwa na sababu ya kwenda huko, na kwa bahati ya ajabu nyuki wa mkoa huu waliugua kila Kumbikumbi walipokuwa safarini, basi yeye alikuwa mbele ya jukwaa na tepu yake ya magurudumu mawili, kakaa juu ya debe, kimya, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Akirudi, kanda za safari ile ziliingia kwenye kilindo kimoja, na juu ya kifuniko alichora alama kwa mkaa. Kilindo cha Igunga kilikuwa na ng'ombe aliyefanana na kiti. Cha Ulyankulu kilikuwa na jembe. Cha Ziba kilikuwa na ua la pamba. Hakuchanganya kamwe. Safari ni safari, alisema, huwezi kula supu ya Nzega kwenye bakuli la Igunga.

Sasa nikwambie kuhusu hiyo bendi, maana nawe utauliza kama tulivyouliza wote: kwa nini hao? Mji huu una bendi za maana. Kuna bendi ambazo ukizisikia kiuno kinaanza safari kabla hujakipa ruhusa. Kumbikumbi hawakuwa hivyo. Walikuwa na magita mawili, tarumbeta, manyanga ya kinyumbani, na jembe la plau lililoning'inizwa likagongwa kwa nati ya treni. Wimbo wao mmoja unaweza kuoga, ukavaa, ukaenda sokoni, ukarudi, ukawakuta bado wako nao. Na hesabu yao ya mapigo ilikuwa na kasoro ya makusudi: unakanyaga, unakanyaga, halafu pigo linalofuata halipo, mguu unabaki hewani ukisubiri. Nimeona dansi zima ukumbini, akina baba na suti zao za Kaunda, wamesimama mguu mmoja mmoja kama korongo.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi aliwahi kumwuliza Kiongozi wa bendi, mbele za watu, wimbo huu usio na maneno unajenga taifa gani. Kiongozi, mtu mrefu, mpole, mwenye gita lililofungwa kwa waya, akafikiri. Jumamosi iliyofuata katikati ya wimbo akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Limeni pamba," akarudi nyuma, wakaendelea nusu saa. Mjumbe akaridhika. Bwana Nyuki anayo hiyo, kwenye kanda, na kikohozi cha mjumbe kimo.

Vikohozi ndivyo alivyovipenda. Hapo ndipo mtu alipochoka naye. Chupa ikianguka, umeme ukikatika, mlevi akidai wimbo wa shemeji yake, Bwana Nyuki hakumnyamazisha mtu. Alisema sahani ya santuri ni asali iliyochujwa: tamu, safi, na hujui imetoka pori gani. "Mimi nataka na masega," alikuwa akisema. "Na nyuki mmoja mfu ndani yake, ndio nijue walikuwepo."

Nilimwuliza, wakati huo nipo darasa la tano na nimeanza kujiona nina akili, kwa nini ana wimbo uleule kutoka Igunga, na kutoka Nzega, na kutoka Ulyankulu, na kutoka hapa mjini mara nisizozijua. Si wimbo uleule?

"Jana umekula nini?" akaniuliza.

"Ugali."

"Na leo?"

"Ugali."

"Ni uleule?"

Nikasema ndiyo, uleule. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi mama yangu anapika vibaya, na akaingia ndani. Mama alikuwa anasikia dirishani. Wiki ile Mama alikataa asali yake.

Asali, lakini, aligawa kama mjinga. Ukipita na kibuyu kitupu mbele ya nyumba yake alidhani umemlaumu. Kanda hakumwazimisha hata mkwewe. Mtu huyohuyo alitia mkono mtupu kwenye mzinga huku anazungumza habari za bei ya pamba, na mtu huyohuyo alikuwa anaogopa bata. Bata wetu alikuwa na miguu mibovu, hakuweza kumfukuza hata konokono, lakini Bwana Nyuki akimwona njiani alizunguka kwa nyuma ya msikiti. Alisema bata ana macho ya mtu anayejua jambo.

Na alikuwa mtu wa makelele yote ya duniani asiyetaka kelele nyumbani kwake. Tukipiga mluzi alitoka na fimbo ya mchongoma. Kucheza dansi hakucheza hata siku ya ndoa ya bintiye. Kuimba, ndiyo kabisa. Siku za gwaride wimbo wa taifa ukipigwa alichezesha midomo tu, mimi nilisimama karibu naye makusudi kuhakikisha, hakuna hata pumzi iliyotoka. Bibi yangu, mama yake mama, alidai kwamba sauti alizaliwa nayo lakini ameiweka kilindoni.

Kanda mpya zilikuwa shida, kama kila kitu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanda hata foleni hazikuwa nayo. Alizipata kwa mwenye duka wa kona, Mhindi mmoja mnene mwenye miwani iliyoshikwa kwa uzi, na nyingi zilikuwa zimetumika. Ndiyo maana ukisikiliza dansi la Igunga, pale Kumbikumbi wanapotulia na kubaki manyanga peke yake, kwa chini kabisa, kama mtu aliye chumba cha tatu, wanasikika wanawake wa Kihindi wanaimba harusini. Ilikuwa harusi ya dada yake mwenye duka, ambaye baadaye alihamia ng'ambo na mumewe. Yule bwana alikuwa anafunga duka mchana, anakuja kwa Bwana Nyuki, anakaa kwenye kigoda kisichomtosha, na wote wawili wanasikiliza kanda ile moja, huyu anasikiliza juu, huyu anasikiliza chini. Mama Nyuki aliwapa chai, akaja kwetu kupitia ukuta kuwasengenya.

Ziba sasa. Ziba ndicho kilindo chenyewe.

Nilikuwa darasa la pili. Bibi alikuwa na dada yake huko, na Bwana Nyuki akatupa lifti katika Landrova, Bibi mbele na mimi nyuma pamoja na mizinga mitupu. Ilikuwa msimu wa pamba, na Kumbikumbi wakapiga alasiri, jua kali, kwenye baraza la ghala la ushirika, watu wamekaa kwenye marobota. Walikuwa na wimbo mpya ambao hawakuwahi kuumaliza popote, wakiuita Mizigo. Unaanza polepole, gita moja, kama mtu anajitwisha. Halafu kila chombo kinaingia na mzigo wake, mpaka msafara wote unatembea, na unatembea kweli, unaona vumbi. Nami nilikuwa nimechoka, nina njaa, na viatu vilikuwa vya dada yangu.

Katikati Kiongozi akakosea. Alishika mahali ambapo siyo, kidole kikaserereka, gita likatoa mlio kama mlango. Akaacha. Wenzake wakaacha. Msafara wote ukasimama pale Ziba, juani, watu wanatazamana. Mbwa akabweka. Nami nikasimama juu ya robota, nikapaza sauti ile ambayo walimu wangu wote wanaifahamu: "Wamesahau! Bibi, turudi nyumbani, wamesahau!"

Ghala zima likacheka. Bibi akanivuta kanga. Ila mpiga tarumbeta hakucheka. Aliinua tarumbeta akayapiga maneno yangu. Yaleyale, kupanda kwake na kushuka kwake: wamesahau, Bibi, turudi nyumbani. Kiongozi akageuka akamtazama, akayadaka kwa gita, na kutoka hapo wakaenda mahali ambapo hawakuwa wamekwenda kabla, na ninavyosimuliwa, hawakufika tena. Watu wa Ziba bado wanaliongelea dansi lile. Wanawake wenye watoto mgongoni waliacha kucheka wakakaa chini. Mimi mwenyewe sikumbuki vizuri, nilipewa muwa.

Mwaka uliofuata mpiga tarumbeta alikwenda kutafuta maisha kwingine, na Kumbikumbi wakajaribu Mizigo hapa mjini, na Igunga, na kila walipofika katikati wakapita pembeni kama watu wanaokwepa shimo. Njia nzima ilibaki mahali pamoja tu duniani: katika kilindo chenye ua la pamba.

Ndiyo maana mchwa walipotoboa kilindo cha Nzega kwa chini, Bwana Nyuki hakulala. Akakichukua kile cha Ziba peke yake, akaziba mshono wote kwa nta isiingie vumbi wala mdudu, akakifunga kamba, akakitundika nyuma ya nyumba, chini ya paa la baraza, penye kivuli na upepo. Kisha akaenda zake porini mwezi mzima, kuwaonyesha watu wa vijiji vipya jinsi ya kutundika mizinga.

Naomba usome tena aya hiyo polepole. Gome la mti. Nta kwenye mshono. Kivuli, upepo, juu ya ardhi. Na ufa mdogo karibu na kifuniko ambao hakuuona. Mtu aliyefundisha mkoa mzima jinsi ya kumwita nyuki alikuwa ameandaa mzinga bora kuliko yote ya maisha yake, na ndani yake akaweka kitu pekee ambacho hakutaka nyuki wakiguse.

Aliporudi alisikia mvumo kabla hajazima gari. Tulimwona akienda nyuma, akasimama chini ya kilindo, kofia mkononi. Siku ya pili alikifungua kidogo kwa chini akachungulia, akakifunga. Hakumwambia mtu alichokiona. Kulikuwa na kanuni yake moja aliyoihubiri kila kijiji, kwamba kundi lililoingia lenyewe ni mgeni, na mgeni hafukuzwi, na sisi watoto wa mtaa tulisubiri kuona kama mwenyewe ataisikia. Aliisikia. Nyuki walikaa. Mvua zikaja, zikaisha, kilindo kikawa kizito mpaka kamba ikabadilishwa.

Mara ya mwisho nilipomwona katika mambo yake ilikuwa likizo iliyopita. Barua ya uhamisho alikuwa ameshaipata, anapelekwa mkoa wa mbali, na vilindo vingine vyote vilikuwa vimepangwa sebuleni. Bibi alikuwa ametutoka mwezi wa Ramadhani, na mimi nilikuwa nakwenda kwa Bwana Nyuki kila siku kwa kuwa kwetu kulikuwa kimya mno, nami kimya kinaniwasha.

Kiongozi akaja jioni mapema, gita mgongoni, vumbi mpaka nyusi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniona. Alisema kwamba wameitwa Dar kurekodi. Wanaondoka na treni ya kesho. Wenye studio wanataka Mizigo, Mizigo nzima, na bendi isipoweza kuipiga nzima iseme sasa wachukue nyingine. Alikuwa anazeeka, alisema, na mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kumkatalia. Hakudhani ataitwa mara ya pili. "Nimekuja kuisikiliza tu," akasema. "Siiondoi humu ndani. Naijua tabia yako."

Bwana Nyuki akasimama. Akamshika mkono akampeleka nyuma, akamwonyesha juu kwa kidole.

Kiongozi akatazama mzinga, akamtazama yeye, akatazama mzinga. "Umeificha humo?"

"Sikuificha. Niliiziba kwa nta."

Mama Nyuki akawa anakaza midomo kwa kanga. Akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. "Bwana Nyuki mzima," akasema, "Bwana Nyuki mzima wa serikali." Na mimi, nani angenizuia, nikacheka naye. Kiongozi hakucheka. Aliuliza kama nyuki hawawezi kutolewa. Bwana Nyuki akasema amechungulia, masega yamepita katikati ya magurudumu yote, kanda imegeuka ukuta wa nyumba ya watu. Hata wakitolewa, kilichobaki ni cha kula.

Kiongozi akaketi kwenye kigoda cha mwenye duka. Akasema basi. Akasema tena, basi, na akaanza kuitafuta kamba ya gita begani kama mtu anayetaka kuondoka lakini miguu haijaambiwa.

"Toa gita," akasema Bwana Nyuki.

Akaleta tepu, akaiweka juu ya meza, akatia kanda aliyokuwa ameibakiza. Mama Nyuki akapanda kuteremsha betri kutoka kwenye bati. Yeye akakaa juu ya debe lake, akafumba macho, na mimi nikajiandaa kucheka tena, kwa sababu Bwana Nyuki akaanza kuimba.

Sauti ilikuwa mbovu. Bibi alisema kweli, alikuwa ameiweka mahali, na mahali penyewe palikuwa na kutu. Lakini aliimba gita la kwanza, mzigo kwa mzigo, na alipofika pale manyanga yanapoingia aligonga magoti yake kwa viganja, na palipokuwa na mtoto aliyelia alilia, na palipokuwa na mzee aliyesema sogea nione, alisema sogea nione. Kiongozi alimfuata nyuma kwa gita, mara amemkosa, mara amempata. Jua likaingia chini ya baraza. Nyuki walikuwa wanarudi nyumbani mmoja mmoja juu ya vichwa vyetu. Nikagundua kwamba sijacheka.

Walipofika katikati Kiongozi akapita, akaendelea, vizuri tu. Bwana Nyuki akafungua macho akamzuia.

"Hapana. Hapo ulikosea."

"Ndiyo, nilikosea."

"Basi kosea."

Kiongozi akarudi nyuma. Kidole kikaserereka, gita likatoa ule mlio wa mlango, akaacha. Magurudumu ya tepu yanazunguka. Bwana Nyuki, mtumishi wa serikali, babu wa watu, akainua kidevu akabweka. Alibweka kama yule mbwa wa Ziba, mara mbili, kwa heshima zote.

Kisha akanigeukia mimi. Kiongozi naye akanigeukia, ndipo aliponitambua. Walikuwa wananisubiri.

Nina sauti ya mtu mkubwa sasa, lakini nikasimama.

"Wamesahau," nikasema. "Bibi, turudi nyumbani, wamesahau."

Gita likanijibu. Likapanda nilipopanda, likashuka nilipoishia, likaichukua ile njia likaenda nayo. Na Bwana Nyuki juu ya debe, macho kafumba, mguu wake mmoja ukainuka kutoka chini, ukabaki hewani, ukisubiri.